Neno Alilorudi Nalo Baba Kulwa

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu hapa Nyarugusu kila mtu ana lake la kuongeza, na nimeshasikia mahali eti nilikimbia nikaacha viatu. Sikukimbia. Nilitembea haraka, na viatu nilikuwa nimevaa. Aibu niliipata, sikatai, tena mbele za watu na kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini isizidishwe.

Mimi nina kibanda cha kuchaji simu na kutoa kopi, na mtaani wananiita Diksheni, yaani kamusi ya Kiingereza. Jina hilo sikujipa (ingawa sikulikataa pia). Lilianza siku wachimbaji walipoletewa pampu mpya ya kunyonya maji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, nayo imeandikwa Kiingereza mwili mzima, nikawasomea, pampu ikawaka, basi. Tangu hapo watu wakawa wanakuja na maneno yao kama wanavyokuja na simu zilizokata chaji. Mfugaji analeta chupa ya dawa ya ng'ombe, mkulima analeta mfuko wa mbegu, mama mwenye kesi anataka kujua "bail" ni nini, na mzee mmoja aliyesikia "inflation" redioni nikamwambia ni pesa kuvimba, akaondoka ameridhika kabisa. Mengine nilikuwa nayajua. Mengine nilikuwa nalitazama neno umbo lake, naona linaelekea wapi, naelekea huko huko. Kitu ambacho sikuwahi kukisema pale kibandani ni "sijui," kwa sababu mtu anayeitwa Diksheni akishasema sijui, abaki na kazi gani?

Sasa, Baba Kulwa ndiye mwenye duara la pale nyuma ya kibanda changu, mtu mzima, mpole, amekula vumbi la mawe ujana wake wote. Mwaka huu akaanza kukohoa, akaenda hospitali Shinyanga kupigwa picha ya kifua. Siku aliporudi hakwenda nyumbani kwake, alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja kwangu, mkoba bado uko begani.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba." Akakaa kwenye benchi. "Diksheni, daktari ametazama ile picha, akaniambia kwa Kiswahili, mzee nenda nyumbani, uko salama. Halafu akageuka kwa nesi akasema Kiingereza. Nimeshika neno moja. 'Unremarkable.'"

"Lakini si amekwambia uko salama?"

"Amesema Kiswahili," akanijibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Kiswahili ni cha kumfariji mgonjwa. Ukweli wanaambiana Kiingereza."

Nikatikisa kichwa kukubali, maana huku kwetu ndivyo tunavyoamini wote: likiwa dogo utaambiwa, likiwa zito utasikia Kiingereza kinapita juu ya kichwa chako. Na hilo neno, niwe mkweli, nilikuwa sijawahi kukutana nalo. Hapo ningesema tu, Baba Kulwa, hili silijui, leo ningekuwa mtu wa heshima zangu. Badala yake nikaliangalia umbo. "Remarks" naijua tangu kwenye ripoti ya shule, ni pale chini ambapo mwalimu wa darasa anaandika maoni yake (yangu yalikuwa "ajitahidi," kila muhula). Na ile "un" ya mbele ni kukanusha. Kwa hiyo daktari ametazama kifua cha mtu, akakosa hata maoni. Hata "ajitahidi" hakuandika.

Nikakohoa kidogo. "Maana yake, Baba Kulwa, hakuna la kusema tena."

Akaomba maji, akanywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. "Wabeja," akasema, ndiyo asante ya Kisukuma. "Wewe peke yako ndiye umenieleza ukweli." Na mimi (ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo) nikajisikia vizuri.

Jumapili baada ya misa akaita watu awaage. Ndugu zake wakaja kutoka Ushirombo huko Bukombe, jumuiya ikaja, katekista akaja, wachimbaji wake wote wakasimamisha kazi, ng'ombe akachinjwa, na mimi nikawekewa kiti cha mbele karibu na katekista, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Nikaombwa nisimame niwaeleze wanaukoo lile neno. Nikasimama. Nikalieleza mbele na nyuma, nikaongeza kwamba ni neno la kitabibu la zamani na madaktari hawalitumii ovyo, wanawake wakaanza kulia, nikakaa.

Ndipo Baba Kulwa akasimama akasema hataki kuondoka na mzigo moyoni. Akamwambia mdogo wake kwamba yule ng'ombe wake dume aliyepotea mwaka ule hakupotea, ni yeye Baba Kulwa aliyemuuza. Mdogo wake akasema amesamehe, huku analia. Watu wakaguswa. Naye alipoona msamaha unapatikana kirahisi namna ile, akamgeukia mkewe, Mama Kulwa, aliyekuwa pembeni anapepeta mchele wa wageni.

"Mama Kulwa, nina mtoto Bugarama. Wa kiume. Yuko darasa la tatu."

Ungo ukasimama.

"Na mama yake?" akauliza Mama Kulwa.

"Yupo. Hata nyumba ya bati anayokaa ni mimi niliyemjengea."

Katekista akatazama chini. Mimi nikatazama nyama yangu. Na hapo ndipo bodaboda ikaingia uani, akashuka Kulwa, binti yao anayesomea unesi, macho yamevimba kwa kulia njia nzima. Akamkumbatia baba yake, akauliza daktari alisemaje hasa, na watu wote wakanigeukia mimi. Nikasimama tena. Nikasema neno, nikasema maana yake.

Kulwa akafuta macho.

"Anko, nani amekwambia hivyo? Hilo neno maana yake picha haijaonyesha tatizo lolote. Kifua cha baba ni kizima." Akamgeukia baba yake. "Daktari hakukwambia kwa Kiswahili?"

"Aliniambia," akasema Baba Kulwa, sauti imekwisha. "Aliniambia uko salama."

Katekista, mtu mwema sana yule, akainua mikono akasema tumshukuru Mungu, mwenzetu ataishi. Hakuna aliyejibu isipokuwa Mama Kulwa. "Amina," akasema, akaweka ungo chini. "Ataishi."

Niliona aibu ambayo sijui niifananishe na nini. Baba Kulwa alikuwa ananitazama mimi, si mkewe, na nadhani kama angekuwa anaumwa kweli angenisamehe. Nikamalizia nyama (kuiacha ingeonekana nimejiona nina kosa), nikaaga watu wawili wa karibu, nikatoka kwa mwendo niliousema pale mwanzo.

Tangu siku hiyo nimeapa. Ukiniuliza neno, sijui. Kuna kijana alikuja juzi ananiuliza "open," nikamwambia aende shule. Baba Kulwa analala kwa mdogo wake, yule wa dume, na kikohozi chenyewe kimeisha.

Juzi hiyo hiyo Mama Kulwa akaja kuchaji simu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi, nami nikajiandaa kusemwa. Akatazama huku na huku.

"Mwanangu, yule mtu wiki ijayo anarudi hospitali kupima macho. Akikuletea neno, liwe lolote, mwambie ni baya."

"Mama, mimi hiyo kazi nimeacha."

"Siku ile Kulwa aliwahi mno kufika," akasema. "Baba yake alikuwa bado hajamaliza."