Moto wa Akiba

Kule milimani, juu ya Kirolirwe, mtu hanyimwi moto. Atanyimwa maziwa, atanyimwa mke, atanyimwa hata salamu kama ng'ombe wake ameingia shambani mwako akala maharage. Lakini akija asubuhi na kigae mkononi, akasema jiko lake limezimika, unamchotea makaa, na ugomvi wenu unasubiri. Sebarenzi alizaliwa ndani ya desturi hiyo na kuitii miaka hamsini na miwili. Kisha akapewa baiskeli.

Huyu Sebarenzi alikuwa mtu wa chukudu. Miaka ishirini alishusha maziwa kutoka malishoni kwa gari lile la mbao, bido, yaani madumu, nne mbele, mbili nyuma, hadi siku tairi la mbele lilipopasuka kwenye mteremko na mzigo wote ukampindukia. Goti la kulia likaenda upande ambao Mungu hakulipangia. Hospitali ilikuwa mbali na njia siku zile ilikuwa ya wenye bunduki, basi aliyelirudisha goti mahali pake ni jirani yake, mjane Nyiransabimana, ambaye kila mtu alimwita Mama Ngabo kwa jina la mwanawe aliyekwenda kuchimba mawe Walikale. Alilifunga kwa vijiti na maganda ya mgomba, akalikanda kwa siagi ya ng'ombe, na kwa wiki tisa alikuwa akija asubuhi na makaa yake kwenye kigae, kwa sababu Verdiane, mke wa Sebarenzi, alikuwa anatoka alfajiri kwenda kulima na kuacha jiko limekufa. Goti lilipona nusu. Kutembea lilitembea, lakini kusukuma chukudu lilikataa kabisa, na mtu wa chukudu asiyeweza kusukuma ni mdomo mmoja zaidi kwenye sahani.

Ndiyo maana baiskeli ile haikuwa jambo la mchezo kwake. Mradi mmoja uliileta kwenye koperative ya wafugaji, pamoja na nyingine ya mtu wa mlima wa pili: baiskeli za umeme, za milimani, zenye matairi manene na batri kama tofali lililolala tumboni mwa chuma. Zilikuwa za kupeleka maziwa kwenye kiwanda cha jibini. Papa Kayitare, mkubwa wa koperative, alimpa Sebarenzi moja kwa ajili ya lile goti, na watu wawili wenye miguu mizima walinuna. Lakini haikuwa yake bado. Ilikuwa ya majaribio ya miezi sita. Baada ya hapo Gustave, fundi wa mradi kutoka Goma, angerudi na kompyuta yake na kusoma kumbukumbu ya mashine: imeendeshwaje, batri imetunzwaje. Aliyeitunza, ingekuwa yake moja kwa moja. Aliyeiharibu, angempisha mwingine.

Gustave aliwafundisha siku nzima, na hakuwa mwalimu mbaya. Kulikuwa na kifungo kidogo chini ya kidole gumba cha kushoto. Ukibonyeza mara moja, unapata Eko, msaada mdogo. Mara mbili, Tour, msaada wa kati. Mara tatu, Turbo, msaada wote. Aliposema neno msaada watu walicheka, na Papa Kayitare akamweleza kwamba wao msaada wanaujua vizuri: unakuja mara moja na lori, mnapigwa picha, basi. Gustave naye akacheka, kisha akarudi kwenye somo lake. Turbo inakula batri kama ndama wa mwezi mmoja. Badilisha gia kabla ya mlima, si katikati. Mzigo ukiwa mzito, anza chini, ule msaada mkubwa uuweke kwa kilima cha mwisho. Batri haipendi baridi. Haipendi kujazwa hadi pomoni. Na zaidi ya yote, isishuke chini ya thelathini kwa mia, kwa maana ikishuka, mashine inaandika.

Sebarenzi alilishika somo hilo kama katekisimu. Kwa kuwa usiku wa milima hii ya Masisi unauma, aliitoa batri kila jioni, akaifunga kwenye kitenge na kulala nayo, hadi Verdiane akawaambia wanawake kisimani kwamba ameletewa mke mwenza, tena mnene. Alipanda kwa Eko mahali ambapo mwenzake wa mlima wa pili alipanda kwa Turbo akiimba. Mahali Eko iliposhindwa, alishuka akasukuma, akichechemea, batri imejaa nusu na goti limejaa maji. Watu wakamwita Papa Eko. Hakuchukia. Akiba haiozi, alisema, na alilisema mara nyingi mno.

Ubaya ulianzia kwenye neno. Wazee wa kike walipouliza hiyo mashine inaishiwa na nini, mtu mmoja alijibu: moto. Likabaki hilo. Baiskeli ya Sebarenzi ina moto. Na kwa kuwa kwenye usukani palikuwa na kitundu cha kuchomeka waya, haikupita wiki watu wakaanza kuja na simu zao, asubuhi, kwa sauti ileile ya mtu mwenye kigae mkononi: Papa, naomba moto kidogo. Akawanyima. Aliwaeleza habari ya thelathini kwa mia, habari ya kompyuta, habari ya Gustave. Waliitikia kwa kichwa na kuondoka, na maneno yakazunguka mlima mzima kwamba amepatikana mtu wa kwanza kumnyima mwenzake moto. Mama Ngabo peke yake ndiye aliyemwambia usoni, tena kwa kicheko.

"Yangu nilikuletea kila asubuhi," alisema. "Yako unaifungaka mu kitenge."

Ili kuwanyamazisha watu, Sebarenzi alitoa ahadi. Huko kila nyumba yenye mwanamume inatoa bega kwa ingobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa. Asiyebeba wa wenzake, wa kwake hawabebwi. Yeye tangu goti livunjike alikuwa haibebi. Akasimama kwenye mkutano wa mlima akasema kuanzia leo tairi lake ndilo bega lake. Mgonjwa akipatikana, baiskeli ipo. Wakampigia makofi, naye akakaa akijisikia mtu tena.

Siku ya kudaiwa bega ilikuwa Jumapili, siku nne kabla ya Gustave kurudi. Wanaume wenye nguvu walikuwa wameteremka Kirolirwe kwenye misa. Mama Ngabo alikuwa na pumu ya siku nyingi, ya moshi wa jiko, lakini asubuhi ile ilimkaba vingine. Verdiane alimkuta ameketi mlangoni pake, mikono magotini, midomo imebadilika rangi. Hapakuwa na mabega manane ya kubeba ingobyi. Palikuwa na baiskeli.

Wakamweka nyuma, kwenye kiti cha bido, Verdiane akamfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa Sebarenzi kama mtoto, kisha akabaki kutafuta watu. Kioo cha baiskeli, kile kinachoonyesha batri, kilisema sitini na mbili kwa mia, kwa sababu ilichajiwa Ijumaa kwenye paneli za jua za kiwanda, na kiwanda kilifungwa hadi Jumatatu. Kutoka pale hadi kituo cha afya unateremka hadi mtoni, unapanda mlima mrefu usio mkali, unafuata mgongo wa kilima, kisha kile kilima cha mwisho, ambacho hata mbuzi hukipanda kwa kukata kona.

Sebarenzi alipiga hesabu, na hesabu yake, ukimwuliza fundi yeyote, ilikuwa sahihi. Watu wawili ni uzito mkubwa kuliko bido. Ukitumia Turbo kwenye mlima mrefu utakwama chini ya ule mkali. Basi Eko kwanza. Akapanda mlima mrefu kwa Eko, polepole, akisikia ile pumzi inayopiga filimbi shingoni mwake. Juu kwenye mgongo wa kilima kioo kilisoma hamsini na moja. Alishangaa jinsi alivyookoa. Akafika chini ya kilima cha mwisho na arobaini na nne, yaani ule moto wote aliouweka kwa ajili ya mahali pale hasa, na kidole gumba kikawa juu ya kifungo.

Hapo ndipo alipoikumbuka Alhamisi, siku ya Gustave na kompyuta. Kilima kile, kwa Turbo, na watu wawili, kingekula kumi na tano, labda zaidi. Ingeshuka chini ya thelathini. Mashine ingeandika. Aliwaona wale wawili wenye miguu mizima wamesimama kwenye ua wa koperative, wakingoja. Haya yote yalipita kichwani mwake kwa muda ambao mtu humeza mate mara moja, na mimi simtetei.

Baiskeli ilikuwa inapunguza mwendo. Mama Ngabo aliisikia.

"Moto iko, Papa?" aliuliza. Neno moja, pumzi, neno lingine.

"Iko kidogo," alisema Sebarenzi.

Mama Ngabo alivuta pumzi hatua kadhaa. Kisha akasema, "Basi uichunge."

Sebarenzi akafungua kitenge, akashuka, akamwegemeza kwenye usukani, akaanza kusukuma. Msidhani hakuteseka. Goti lilimwaka tangu kona ya pili, alilia machozi, alisukuma kwa bega, kwa kifua, kwa kichwa. Alitoa nguvu zake zote. Kitu asichotoa ni kile alichokuwa nacho kingi. Walipofika kituoni, dada Umutoni, muuguzi, aliwakimbilia, wakamlaza, wakatafuta mshipa, na kabla sindano haijaingia Mama Ngabo aliacha kupiga filimbi. Umutoni alisema nusu saa. Mngeniletea nusu saa tu mapema. Hakumlaumu mtu, aliona goti lilivyovimba akamletea maji. Nje, baiskeli iliegemea ukuta na kioo chake bado kinawaka. Arobaini na moja.

Walimzika Jumanne, na mazishini Sebarenzi alisifiwa. Papa Kayitare alisimulia jinsi mtu mwenye goti bovu alivyomsukuma jirani yake mlima mzima baada ya mashine kufa, na wanawake wakalia kwa ajili yake pia. Padri akamtaja kwenye maombi. Hata wale waliokuja na simu wakanyimwa walimshika mkono. Sebarenzi aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Ngabo alifika Jumatano kutoka Walikale, siku mbili za pikipiki na matope, akakuta udongo umeshakauka juu. Hakwenda kwanza kwa ndugu. Alikwenda kwa Sebarenzi, akampigia magoti, akamshukuru kwa mgongo wake. Kisha, kama mtoto yeyote anayetaka kuijua njia ya mwisho ya mama yake, akauliza moto uliishia wapi. Sebarenzi angeweza kusema pale. Verdiane alikuwa jikoni, ua ulikuwa kimya, hapakuwa na mtu mwingine.

"Chini ya kile kilima," alisema.

Alhamisi Gustave alikuja. Ua wa koperative ulijaa, Ngabo akiwa amesimama nyuma na wanaume wengine, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Gustave alichomeka waya, akaanza na baiskeli ya mlima wa pili, akatikisa kichwa: Turbo, Turbo, Turbo, batri imelala sifuri mara kumi na moja. Akahamia kwa Sebarenzi. Akasoma, akatabasamu, akawageuzia watu ile kompyuta waone mistari ya kijani.

"Mumuangalie huyu Papa," alisema. "Miezi sita, na batri yake haijaisha ata siku moja. Haijashuka chini ya makumi tatu ata mara moja. Njo vile nilifundisha."

Watu wakapiga makofi. Papa Kayitare alipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa maana ndiye aliyemchagua. Makofi yalizimika kidogo kidogo, kwa sababu wachache walianza kufikiri, na mtu anayefikiri hupiga makofi vibaya. Kutoka nyuma Ngabo aliuliza habari ya Jumapili kwa heshima, hakupaza sauti.

"Na Siku ya Mungu, kaka? Siku ya Mungu ilibakia ngapi?"

Gustave hakujua lolote. Akasogeza kidole kwenye kioo. "Siku ya Mungu asubuhi. Safari moja. Eko kuanzia mwanzo mupaka mwisho. Ilibakia makumi ine na moja." Akainua uso kwa furaha. "Ni muzuri sana."

Ngabo alimtazama Sebarenzi kwa muda, kisha akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Gustave akamkabidhi Sebarenzi ufunguo wa batri na karatasi yenye muhuri, na kwa kuwa mradi unataka picha, akampiga picha ameshika vyote viwili. Baiskeli ikawa yake. Hakuna mtu aliyebisha. Sheria ni sheria, na kompyuta ilikuwa upande wake.

Usiku ule Verdiane alilala chumba cha watoto. Sebarenzi alilala na batri.

Asubuhi, ukungu bado haujainuka, akasikia hodi. Ngabo alikuwa mlangoni na kigae cha mama yake mkononi, kile cheusi chenye ufa, ambacho kiliingia nyumba hii wiki tisa mfululizo. Kati ya nyumba zote za mlima alikuja kwa hii. Jiko la mama, alisema, limekuwa baridi tangu Jumapili, na wageni wa msiba wanataka chai. Verdiane akamchotea makaa bila kumtazama machoni, akayajaza hadi yakataka kumwagika.

Ngabo hakugeuka kwenda. Alimtazama Sebarenzi aliyekuwa amekaa karibu na ukuta, na nyuma yake baiskeli, batri imesharudishwa, taa zake ndogo zikiwaka.

"Papa," alisema, "moto iko?"

Kuku walikuwa wanakwaruza uani. Sebarenzi akajibu, kwa sauti ambayo Verdiane aliisikia kwa shida.

"Iko mingi."

Ngabo akaitikia kwa kichwa, akakinga kigae kwa kiganja ili upepo usiyazime makaa, akapanda kwenda nyumbani kwa mama yake.