Chokoleti Zenye Ramu

Kouraichia alizaliwa Ambondrona, kisiwani Nosy Be, akaletwa Mahajanga kuolewa na Djaffar, mtunza bustani wa bwana forodha mmoja Mfaransa pale Mangarivotra. Yeye naye akapewa kazi ya kufua katika nyumba hiyohiyo. Alikuwa mwepesi wa kazi na mzito wa maneno, na huo uzito wa maneno ndio uliomponza.

Mke wa bwana huyo, Madamu, alikuwa na kijibwa cheupe, Biju, alichokienzi kuliko watu. Djaffar na Biju walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kilishamng'ata mguu akipalilia, naye akaapa mbele ya watumishi wote kwamba iko siku atakinyonga. Hasira tu hizo! Djaffar huyo hata kuku alichinja kwa kusitasita.

Mwaka mpya wa Wazungu ulipofika, Madamu akampa Kouraichia boksi la chokoleti nyeusi. Alipoonja moja, akaitema palepale: ramu! Atampelekeaje mumewe pombe, mtu wa swala tano? Kuzitupa jalalani hakuthubutu. Chakula hakitupwi, na Madamu angeziona. Basi akammwagia Biju nyuma ya jiko. Biju akazifakamia zote, akalamba na karatasi.

Kabla ya adhuhuri kijibwa kilikuwa kinatapika, kinatetemeka, kinajikojolea sebuleni. Daktari wa wanyama akaitwa.

"Kimekula nini?" aliwauliza watumishi kwa Kimalagasi. "Semeni, nijue la kufanya."

Djaffar akaapa kwa Mungu kuwa hajui. Kouraichia alikuwa amesimama mlangoni, mashuka mikononi. Zawadi ya Madamu kupewa mbwa! Angefukuzwa siku hiyohiyo. Tena chokoleti ni kitu cha watoto, itamdhuru nani? Akanyamaza.

Alasiri kijibwa kikashikwa na kifafa, kikafa. Chokoleti nyeusi ni sumu kwa mbwa, lakini katika nyumba ile hakuna aliyelijua hilo. Daktari akatamka sumu, na macho yote yakamgeukia Djaffar. Enzi zile mtu mweusi hakusubiri hakimu. Neno la Mzungu lilitosha. Askari wakamchukua na matope ya bustani miguuni.

Hapo ndipo ulimi wa Kouraichia ulipofunguka. Alipiga magoti, akasema yote, boksi, ramu, nyuma ya jiko. Madamu alimsikiliza, macho yamemvimba kwa kilio. Kilio cha mbwa, naam.

"Chokoleti?" alisema. "Wanangu wanaila kila Jumapili. Unamkingia kifua mumeo muuaji."

Akamfungia mlango.

Djaffar alitiwa gerezani, akapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Siku ya kwanza ya kuruhusiwa kumwona, Kouraichia alimpelekea wali na samaki, amejitanda nguo yake ya shiromani mpaka machoni. Uso wa mumewe ulikuwa umevimba, midomo imepasuka. Kouraichia akamweleza kila kitu kupitia nondo za lango, huku akilia. Djaffar alimwamini neno kwa neno; katika mji mzima, ni yeye peke yake aliyemwamini.

"Daktari alipouliza, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, mume wangu. Mlangoni."

"Ukanisikia nikiapa?"

"Nilikusikia."

Djaffar aliurudisha wali kati ya nondo, polepole, usimwagike. Kisha, Kouraichia akiwa bado amesimama langoni, akamwambia askari kwamba mgeni wake amekwisha kuondoka.