Kompyuta Iliyovalishwa Kitambaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti sekondari moja ya Magu na sanduku la bati. Mkuu wa shule akanikabidhi vitabu kumi vya ufahamu kwa darasa zima. "Wasomeshe hivyo hivyo, utazoea," akasema. Nikazoea. Wanafunzi walisoma kwa sauti, wakajibu maswali kwa kunakili sentensi za kitabuni, nami nikaweka vema nyekundu. Leo nasema wazi, ule ulikuwa upuuzi mtupu.

Nikahamishiwa Sengerema, kisha Mwanza mjini, upande wa Nyegezi. Ilikuwa miaka ya tisini, kila kitu ruksa, maduka yamejaa bidhaa tulizokuwa tukizisikia redioni tu. Hapo wafadhili wakatuletea kompyuta mbili na diski ya ensaiklopidia. Ninyi mnaotembea na mtandao mfukoni mtacheka, lakini diski ile moja ndiyo ilikuwa dunia yetu yote.

Mkuu wa shule ile, ambaye tulimwita Mkuu basi, akageuza stoo kuwa chumba cha kompyuta. Akazifunika mashine kwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na kila anayeingia akaamriwa avue viatu. Eti vumbi. Haya, vumbi. Lakini watoto wangu walikuwa wakivua viatu na akili wanaiacha mlangoni pamoja navyo! Mwanafunzi anabonyeza, printa inanguruma, karatasi inabandikwa kwenye jalada, na hiyo ndiyo inaitwa utafiti. Ukimuuliza kaelewa nini, anakutolea macho.

Nilichemka. Nikadai vipindi viwili kwa wiki, nikapewa kwa shingo upande. Nikawafundisha kupekua, yaani kupitisha macho haraka uone kama ukurasa unakufaa, na kudonoa, yaani kusaka jambo moja tu unalolihitaji. Halafu nikawapa maswali matatu ya kuhoji kila wanachosoma. Nani kaandika? Kaandika lini? Yanalingana na ulichokiona kwa macho yako? Na marufuku kugusa printa kabla hujazima kioo ukaeleza ulichosoma kwa maneno yako mwenyewe.

Aliyenielewa kuliko wote ni Nyamizi wa kidato cha nne, binti wa mama muuza dagaa wa Igombe. Mwaka huo kukawa na mashindano ya utafiti ya mkoa, kila shule ipeleke kazi moja, na mshindi angesomeshwa na wafadhili hadi kidato cha sita. Mama yake alikuwa ameshamwambia kwamba yeye mwisho wake ni kidato cha nne. Kwa hiyo kwa Nyamizi hakukuwa na mlango mwingine.

Akachagua kuandika juu ya mimea ya ziwani. Diski iliitaja mingi, ila gugumaji, lile gugu linaloelea na kutanda juu ya maji, haikulitaja kabisa katika ziwa letu. Wenzake wakaprinti ilivyo. Nyamizi akageuza kasha la diski, akaona mwaka wake, akakuta ni wa zamani kuliko gugumaji la kwao. Akashuka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kuhoji wavuvi, kisha akaandika kwa mkono: "Diski hii imepitwa na wakati. Igombe mitumbwi imezingirwa, haitoki." Nikampa alama za juu kabisa.

Mkuu akaniita ofisini. "Mama Kulwa, huyu mtoto anabishana na kompyuta?"

"Habishani, Mkuu. Anaisoma."

"Wageni waliotuletea mashine waje wakute binti kaandika kwa mkono kwamba mashine yao imechakaa? Unataka kunidhalilisha?"

"Mkuu, fungua dirisha hilo uliangalie ziwa mwenyewe."

Hakuinuka. Ziwa lipo pale, la kijani kama shamba, naye hakuinuka! Akanisogezea tangazo. Kazi iliyochaguliwa ilikuwa ya kijana mwingine, rundo la karatasi za printa zenye picha za rangi. Ya Nyamizi iliandikwa kuwa haikufikia kiwango. Saini ya mwalimu wa somo ilitakiwa. "Kuna shule kisiwani Ukara inaomba mwalimu," akasema taratibu, "na wewe mapacha wako bado wadogo."

Nikasaini.

Kesho yake Nyamizi akasimama mbele ya ubao wa matangazo, akasoma, kisha akaja ofisi ya walimu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nimesoma tangazo, mwalimu. Nani kaandika, nimeona saini yako. Lini, ni jana. Limebaki swali la tatu. Linasema kazi yangu haikufikia kiwango. Wewe uliisoma. Yanalingana na ulichokiona?"

Jamani, unajua nilimjibu nini? "Nenda darasani." Hayo ndiyo yaliyonitoka, mimi niliyejifanya bingwa wa kuhoji.

Kidato cha tano hakwenda. Akarudi Igombe kwenye dagaa. Muhula uliofuata shule zote zikaitwa ziwani kung'oa gugumaji kwa mikono, na Mkuu akatangulia mbele, suruali kaikunja, viatu kavua. Nikamtazama anavyovuta mizizi ya mmea ambao kompyuta yake haikuujua. Nyamizi hakutajwa, wala mimi sikumtaja.

Nikastaafu, nikajenga Kiseke. Siku ya kuniaga nilipewa cheti chenye fremu. Kulwa, binti yangu, akaja na nyundo na msumari akitundike sebuleni. Kimeandikwa kwamba nilifundisha wanafunzi kusoma kwa kuhoji na nikasimama nao daima. Nikakipekua. Nani kaandika? Ofisa ambaye hajawahi kukanyaga darasani kwangu. Lini? Wiki ile ile ya kuniaga. Nikafika swali la tatu.

"Mama, nikipigilie hapa?" Kulwa akauliza, nyundo iko juu.

Nikamwambia arudishe msumari.