Nilivyomtafsiria Baba Masikio Yake

Masikio yangu niliyapata kwa baba. Mama alikuwa na madogo, yaliyolala vizuri kichwani, akafariki nayo bila kumwachia mtu. Mimi nikaangukiwa na yale mengine.

Shuleni kwetu Juru, katika kambi ya wakimbizi, waliniita Parabole, kwa ile sahani ya chuma ya kunasa picha za televisheni iliyokuwa juu ya bati la ukumbi wa video. Kijana wa dawati la nyuma alikishika kichwa changu na kukigeuza polepole, na mwenzake akapiga kelele: "Hapo! Hapo! Usitikise, picha imekuja!" Nilikaa nikageuzwa. Kupigana nilishajaribu, na nilipigwa. Nyumbani sikusema kitu. Utaanzaje kumlalamikia mtu habari ya masikio, naye amekaa mbele yako anakula maharage akiwa nayo yale yale?

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, ilitangazwa kanisani kwamba madaktari wageni wamefika hospitali ya mjini Mbarara: wanashona midomo iliyopasuka, makovu ya moto na masikio yaliyochomoza, bure. Lile neno la tatu nililisikia vizuri kuliko mahubiri yote ya mwaka ule. Nilimwambia baba naenda kupimwa tu. Akaacha jembe, akavaa koti lake la Jumapili, tukapanda pikapu iliyobeba matoke.

Daktari alikuwa mzungu, hajui Kiswahili. Nesi alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: simama, kaa, ngoja, toa viatu. Kwa hiyo mtafsiri nikawa mimi. Baba alifurahi mno. Aliwaambia wagonjwa wote kwenye benchi, hata ambao hawakuuliza, "Uyu mutoto wangu anajua Kingereza mingi."

Daktari alikunja sikio langu kwa kidole, akalirudisha nyuma, akaeleza taratibu. Masikio haya ni mazima, alisema, yanasikia vizuri. Kuna mkunjo mmoja tu ambao haukujikunja tangu kuzaliwa. Anaweza kukata kidogo nyuma, aukunje ule mfupa laini, ashone. Lakini huu si ugonjwa. Hufanywa tu kama mtoto mwenyewe anaumia moyoni, na mzazi akikubali.

Nilimjua baba. Ningemwambia si ugonjwa, angesema asante, twende tukapalilie mahindi.

"Munganga anasema nini?" aliuliza.

"Anasema aya masikio ni mabaya," nikasema. "Anasema inaharibu sura ya mutu. Mutu hawezi kukaa nayo."

Nilipoinua macho ndipo nilipomwona alivyokaa: koti limefungwa vifungo vyote, mikono magotini, na masikio yake mawili pembeni. Hata daktari ni kama alikuwa ameyaona sasa hivi. Alianza kusoma karatasi ambayo haikuwa na maandishi.

"Mabaya?" akauliza baba.

"Mabaya sana, baba."

Ile "sana" hakuna aliyeniomba. Akaomba karatasi ya kukubali, akauliza kidole cha wino kinawekwa fasi gani.

Nilichomwa sindano nyuma ya masikio, nikalala macho wazi, nikisikiliza mfupa wangu mwenyewe ukikatwa. Haukuuma. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayemenya muhogo chumba cha pili. "Hapana tingisha kichwa," nesi aliniambia mara nyingi, ingawa sikuwa natingisha. Nikafungwa bendeji kichwa kizima, nikatembea nayo Juru kwa siku nyingi, na kila niliyekutana naye alinipa pole ya ajali.

Bendeji ilipofunguliwa nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki. Jamani! Nilifurahi, sitadanganya. Nililia nikicheka. Shuleni walinitazama kwa makini wiki moja, kisha wakagundua kwamba miguu yangu ni mikubwa.

Baba alisema, "Iko muzuri." Wiki iliyofuata akanunua kofia ya sufu.

Kofia ile ilifunika masikio yote mawili. Aliivaa shambani juani, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Aliivaa akila. Jumapili akaenda nayo kanisani, ambako mwanamume haingii amefunika kichwa, na yeye alikuwa mzee wa kanisa, wa benchi la mbele. Mchungaji alimnong'oneza mlangoni. Baba akaitikia kwa heshima, akatoka, akaketi nje chini ya dirisha. Alipoulizwa kama ni mgonjwa, alisema, "Hapana. Ninasikia tu muzuri hapa."

Ilikuwa hivyo Jumapili sita. Mimi nilikuwa ndani, kwenye kwaya, kichwa wazi, watu wakinisifu nimependeza. Aibu niliyoivua mimi nilikuwa nimemvika yeye, tena kwa kinywa cha mtu mwingine.

Jumapili ya saba nilitoka katikati ya sala, nikaketi chini karibu naye.

"Baba, nisamehe. Munganga hakusema mabaya. Alisema masikio ni mazima. Ni mimi nilisema."

Alikuwa anachora udongoni kwa kijiti. Hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Munganga alisema maneno mingi na sauti ya pole. Wewe ukaniletea tatu, na macho inalia."

"Basi juu ya nini ulikubali?"

"Ingekuwa ni yeye amesema mabaya, ningekukamata mukono turudi Juru ile saa. Yeye ananijua wapi?" Akaivuta kofia chini kidogo. "Lakini ulisema wewe."