Mpapai wa Nyuma ya Jiko

Mpapai nilioukata ulikuwa nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Hakuna aliyeupanda. Uliota kutokana na mbegu alizotupa mke wangu, naye akauzungushia miiba kuku wasiuparue mpaka ukapita paa. Mapapai yake yalikuwa madogo, mekundu ndani. Kila asubuhi alikula kipande akiwa amesimama, kabla ya kwenda shambani, na maganda akawarushia kuku. Miaka yote tuliyoishi hapa Bariadi sikumwona akijipendelea kwa kitu kingine.

Alipokutwa na kisukari, daktari alimwambia mbele yangu apunguze vitu vyenye sukari. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kupima pamba katika chama chetu cha msingi cha ushirika. Nyumbani kwetu, jambo lolote la daktari au la ofisi lilikuwa langu. Tulipotoka hospitali sikumuuliza yeye ameelewa nini. Nilimwambia, "Nimesikia yote. Niachie mimi."

Nilianza na sukari ya chai, zikafuata soda za harusini. Kisha nikautazama mpapai. Papai ni tamu, na utamu ni sukari. Hesabu yangu iliishia hapo.

"Hata kipande?" aliniuliza.

"Hata kipande. Unataka kupofuka?"

"Si tumuulize daktari siku tukirudi?"

"Daktari ameshasema."

Daktari hakusema. Papai hakulitaja kabisa. Lakini siku chache baadaye nikaona kuku wanagombea maganda mekundu, nikachukua panga. Shina la mpapai ni laini, halikuchukua muda. Mke wangu alitoka akasimama mlangoni pa jiko, mikono ina unga.

"Kumbe na kuku wana kisukari?" alisema.

Wajukuu walicheka. Mimi sikucheka, nikaenda kunawa.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu sisi Wasukuma wa rika langu, baba hakuwa akila pamoja na mama. Mimi nilikula uani, na wanaume waliokuwepo siku hiyo. Yeye alikula jikoni na watoto. Chakula changu kilikuja kimefunikwa, na vyombo vikarudi jikoni vitupu. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nimeamua mke wangu ale nini na asile nini, sikuwahi hata siku moja kuiona sahani yake. Na wala haikunijia kwamba napaswa kuiona.

Kila tulipokwenda kupima, sukari ilikuwa juu. Nilishangaa, kwa sababu nyumba yangu haikuwa na kitu kitamu tena. Ndipo rafiki yangu mmoja mwenye duka pale sokoni akanichukua pembeni.

"Mzee, umekosea," aliniambia. "Sukari mbaya ni hii ya kiwandani. Ya kwenye tunda ameiweka Mungu mwenyewe, haina neno. Mnyweshe mama juisi."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Kile kisiki cha mpapai kilikuwa kinanisumbua, na huyu alikuwa ananipa njia ya kulipa bila kuomba msamaha. Ulikuwa msimu wa maembe. Nilinunua blenda, nikasaga maembe mwenyewe, nikachuja nyuzi zote zisimkere kooni. Glasi kubwa asubuhi, nyingine jioni.

"Juzi sumu, leo dawa?" aliniuliza, ameishika glasi.

"Kunywa, mama. Sijatia sukari hata kijiko."

Alikunywa. Katika nyumba yetu mwanamume kumtengenezea mkewe kitu kwa mkono wake ilikuwa habari ya kusimuliwa kwa majirani, na nadhani alikunywa kwa ajili hiyo. Akaanza kuwa na kiu. Nikamwongezea juisi. Asubuhi moja alinimiminia chai nje ya kikombe, ikatiririka mezani hadi kwenye suruali yangu, nami nikamfokea kwamba hayuko makini. Alisema, "Naona kama kuna moshi humu ndani." Hapakuwa na moshi. Tulipofika hospitali alikuwa hawezi kutembea bila kushikwa.

Daktari wa zamu alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Alinisalimia kwa heshima, akauliza mama anakula nini. Nilijibu mimi: hakuna sukari, hakuna soda, juisi ya matunda halisi tu.

"Ugali anakula kiasi gani, babu?"

 Nilikuwa nimepima pamba ya kata nzima, lakini ugali wa mke wangu sikuwahi kuupima. Akamgeukia mke wangu.

"Ule unaobaki kwenye sufuria," mke wangu alisema.

"Unabaki kiasi gani, bibi?"

Alionyesha kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakata kuku.

"Na asubuhi?"

"Michembe. Sahani imejaa. Zamani nilikuwa nakula papai kidogo, nikatosheka. Lilipoondoka, njaa ya asubuhi ikawa hainiachi."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Nilikuwa naagiza magunia kutoka Kiloleli, nikijivunia kwamba hatupungukiwi.

Yule binti hakunigombeza. Alieleza polepole kwamba sukari ya tunda nayo ni sukari, kwa mgonjwa inahesabiwa. Lakini tunda zima lina nyuzi, mtu analitafuna, linaingia mwilini taratibu, na kipande kinashibisha. Zile nyuzi nilizokuwa nazichuja ndizo zilizokuwa zinamsaidia. Juisi ni maembe kadhaa yanayomezwa kwa mara moja. Na ugali na michembe, hata visipokuwa vitamu kama soda, tumboni vinakuwa sukari.

"Kwa hiyo kile kipande cha papai?" mke wangu aliuliza.

"Kile kisingekuwa na shida, bibi. Kwa kiasi."

Hakunitazama. Nilingoja anitazame, hakunitazama.

Daktari wa macho alituambia baadaye kwamba macho hayaharibiwi na glasi za msimu mmoja, ni sukari iliyokaa juu muda mrefu. Alitaka kunifariji. Lakini muda mrefu huo ni ule niliokuwa nimesema niachiwe mimi.

Sasa anaona mwanga na vivuli. Siku hizi ninakula jikoni, sahani yangu kando ya yake, ugali kidogo na mboga nyingi. Wazee wenzangu waliponikuta huko mara ya kwanza waliuliza kama nimeolewa. Niliwakaribisha wakae. Hawakukaa.

Nilipanda mpapai mwingine palepale. Mwaka huu umetoa maua, nikamshika mkono nikampeleka. Alipapasa vile vikonyo virefu vinavyoning'inia, akacheka kidogo.

"Dume hili. Halitazaa."

"Nilikate?"

Aliviachia vile vikonyo. "Leo unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Liache. Lina kivuli. Kesho niletee papai la sokoni."

Nililileta. Alikataa nimmenyee. Alilimenya kwa vidole na kisu kidogo, akakata kipande chake, akala amesimama kama zamani. Alisema halina utamu wa lile letu. Mbegu alizikusanya kiganjani, akanipa nikazitupe nyuma ya jiko.

Nilizitupa pale maji yanapomwagwa. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, anatabasamu, uso ameuelekeza mahali nilipokuwa nimesimama kabla sijasogea.