Zamu za Usafi Katika Kota za Mpanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo zaidi ya thelathini kwenye pete ya waya, na hakuna aliyejua upi unafungua wapi. Afisa Majengo wa Wilaya, mzee mwembamba asiyependa kukaa kitini, alinipeleka mwenyewe kwenye kota za serikali pale Mpanda mjini, tukashinda asubuhi nzima tunajaribu vitasa. Mimi nilikuwa binti wa wakulima wa mpunga kutoka Mamba, huko Mpimbwe, nimetoka kujifunza ukarani, na nilijiona nimeshafika.

Kazi ya karani wa nyumba miaka ile ya sabini ilikuwa kugawa nyumba na kuhakikisha watu wanaishi pamoja bila kutoana macho. Mtumishi alijaza fomu ya maombi, akasubiri foleni. Nyumba ikipatikana, tuliikagua naye, kuanzia vioo vya madirisha hadi bawaba za milango, ndipo akasaini hati ya makabidhiano. Kota nyingi zilikuwa za mstari: nyumba nne ukuta kwa ukuta, ua mmoja, bomba moja, choo na bafu vya wote. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya wiki nzima ya kuvisafisha, na aliyeruka zamu tatu alipewa notisi ya kuhama. Kanuni hizo nilizijua kama Baba Yetu, na nilizipenda kupita kiasi.

Masanja, fundi wa pampu ya maji ya mji, nilimpa namba mbili. Alikuwa Msukuma mkimya, na kwa kuwa mkewe alikuwa mjamzito, zamu za usafi zilimwangukia yeye. Mwezi uliofuata alihamishiwa hospitali yetu muuguzi mmoja mjane kutoka zahanati ya Usevya, Mama Kulwa. Namba tatu ilikuwa wazi, nikampa siku hiyohiyo, nikajisifu kwa wepesi wangu.

Haukupita muda malalamiko yakaanza. Mwalimu wa namba moja alisema Masanja hasafishi choo, wala hakanyagi bafuni. Mjumbe wa nyumba kumi akathibitisha. Zamu ya tatu ilipopita nikamwita ofisini. Aliangalia sakafu, akasema tu kwamba amekosa. Mimi nikakiita kiburi. Nikaandika notisi ya siku saba na kuibandika mlangoni kwake kwa mkono wangu. Vyumba vya kupanga vilikuwa adimu mjini, kwa hiyo ingemlazimu ampandishe mkewe treni kumpeleka kwao Usukumani, na tumbo la miezi minane. Nililijua hilo, na bado nililala usingizi mzuri.

Siku ya tano Mama Kulwa akaingia ofisini na sare yake ya kazi.

"Binti yangu, nitoe mimi," alisema. "Yule ni mkwe wangu, kamwoa mwanangu Kulwa. Unataka ashike ufagio wa choo ninachoingia mimi?"

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Nyie mlituuliza? Fomu yenu inauliza cheo na idadi ya watoto. Na yeye ataanzaje kunitaja ofisini?"

Kumbe yeye alikuwa anaoga hospitali na mkwewe anaoga kwenye pampu, kila mmoja akimstahi mwenzake, bafu wakamwachia mwalimu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Heshima ya mkwe hata kwetu Mpimbwe ipo. Sikuwa na kisingizio.

Nilikwenda kwa Afisa Majengo nikijua kibarua kimeota nyasi. Aliisoma nakala ya notisi amesimama vilevile.

"Kanuni ni ya ofisi, lakini hii umeiandika wewe," alisema. "Kaibandue, uombe radhi mbele ya majirani. Halafu zile zamu tatu utazifanya wewe."

Nilizifanya. Wiki tatu, kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, ndoo na ufagio mkononi, mwalimu akijikaza asicheke. Mama Kulwa alihamia mstari mwingine, na mzee akaongeza swali kwenye fomu: je, una mkwe anayeishi katika kota hizi? Kulwa alijifungua salama hospitali, na mtoto akaletwa namba mbili. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Angeweza kunifukuza, akaamua kunifundisha.

Siku hizi vijana mnasimamia nyumba za ghorofa zenye walinzi na kamati za wapangaji, na mnaniuliza kanuni gani ni muhimu. Zote ni muhimu, wanangu, ila mgonge mlango kabla ya kubandika karatasi.

Nilipostaafu walinifanyia tafrija ukumbini. Masanja alikuja, mvi tupu, na Mama Kulwa akaletwa akishikiliwa mkono. Nilimweka bibi ndani, karibu na meza kuu. Masanja nilimpa kiti barazani, chini ya dirisha, asikie hotuba zote, na sahani yake nikampelekea mwenyewe. Huo ndio ulikuwa mgao wangu wa mwisho, na hakuna aliyelalamika.