Funda la Kwanza la Mursik

Mzee Aron hakunywa mursik ya mtu yeyote mpaka mtu huyo aonje kwanza. Tabia hiyo ilimwanzia mwaka wa ugomvi wa shamba, alipoamini ndugu zake wangemtilia sumu, na uzee haukuiondoa. Mwonjaji wake alikuwa binti yake, Rodah. Kila jioni alipanda kilima kutoka Sosiot na kibuyu kwapani, akapiga funda moja, akampa. Mapafu ya mzee yalikuwa mabovu, ugali ulishamshinda, na maziwa yale ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndiyo yaliyomshikilia.

Asubuhi hiyo Rodah aliamka na koo linalowasha. Mwenzake wa kazi katika ushirika wa maziwa alikuwa amelazwa kwa korona, ugonjwa ambao watu walishaacha hata kuutaja. Rodah akaomba ruhusa, akaenda zahanati. Nesi Loice akamzungushia kijiti cha pamba puani, akakikoroga kwenye dawa, akadondosha matone kwenye kikasha cheupe cha plastiki. Wakangoja. Ukatokea mstari mmoja.

"Huna," Loice akasema, kisha akamtazama usoni. "Lakini sikiza. Kipimo hiki cha haraka kikisema unayo, karibu kila mara ni kweli. Kikisema huna, na koo linawasha hivyo, usikiamini sana. Siku za kwanza virusi vinaweza kuwa vichache, kisivione. Rudi kesho kutwa."

Rodah aliujua wasiwasi huo kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kuchanganya maziwa ya wakulima na spiriti kidogo, yakiganda, yanarudishwa. Mara ngapi maziwa yalipita asubuhi bila shida, mchana yakakatika? Mkulima hakudanganya, wala spiriti. Uchachu ulikuwa haujatosha kuonekana.

Jioni alivaa barakoa, akaweka kibuyu na kikombe juu ya kigoda mlangoni kwa baba yake, akarudi nyuma mpaka penye ua.

"Onja," mzee akasema.

"Leo siwezi, Baba. Ni koo."

"Si umepimwa?"

"Nimepimwa. Wamesema sina."

"Basi onja."

Funda moja tu, na jioni ingepita kama nyingine zote. Mzee akakitazama kibuyu kwa jicho lile alilowatazamia ndugu zake zamani.

"Hata wewe," akasema polepole.

Machozi yakamlenga Rodah, lakini hakusogea. Aliyesogea ni jirani wa mzee, Okoth, aliyekuwa akisikiliza karibu na ua, mstaafu wa boila za kiwanda cha chai, ambaye miaka yote aliicheka mursik kwamba ni maziwa yaliyookotwa jikoni kwenye masizi. Akamimina, akameza, uso ukamkunjamana.

"Nikianguka, mzee," akasema, "mke wangu asiuziwe jeneza la bei."

Aron akamchunguza kwa muda mrefu, kana kwamba kweli anangoja aanguke. Kisha akanyoosha mkono.

Rodah alishuka kilima akiwa ametulia moyo kidogo, na hapo ndipo likamjia: jana. Jana koo lilikuwa zima, naye alionja kwenye kikombe kile kile, akampa baba.

Siku mbili baadaye Loice alimpima tena. Safari hii mstari wa pili ulitokea, hafifu, kama umechorwa na kalamu inayoisha wino. Loice akamwambia ajitenge, na kwamba mtu mwingine ampeleke mzee kupimwa. Rodah akampigia Okoth, akamwomba atafute pikipiki, kisha ampe baba simu.

Mzee akaanza kulalamika. Huyu Okoth haonji, anakunywa. Leo kabakiza nusu ya kibuyu, na bado anajifanya hapendi. Rodah hakuyafuata maneno. Alisikiliza pumzi kati ya neno na neno, na kila sauti ilipotua aliikandamiza simu sikioni, akingoja ianze tena.